Ametoka, amekaa miezi miwili, amekamatwa tena: maswali ya mara kwa mara kuhusu vijana wanaorudia makosa

Maswali haya tunaulizwa na akina mama kwenye mabenchi ya nje ya mahakama, na wenyeviti wa mitaa, na mara nyingine na kijana mwenyewe, ambaye huuliza kwa kuzungukazunguka kana kwamba habari ni ya rafiki yake. Tunafanya kazi ya usaidizi wa kisheria Mbeya na Iringa, kwa hiyo mifano ni ya huku. "Kijana" hapa ni yeyote aliyepita mikononi mwa sheria akiwa bado mdogo, awe ametoka gerezani, mahabusu ya watoto au shule ya maadilisho, yaani shule ambako mahakama huwapeleka watoto waliopatikana na makosa.

Kwani wanaorudia ni wengi kama watu wanavyosema?

Wanaonekana wengi kwa sababu anayerudia anapigiwa kelele za mwizi na mtaa mzima unasikia. Aliyetoka akaenda Mafinga kupakia mbao, akapata mke, akatulia, hakuna anayemhesabu. Watafiti wa uhalifu katika nchi nyingi wamekuta jambo lile lile: makosa hupanda mtoto akibalehe, hufika juu kabisa kwenye miaka ya 15 hadi 19 hivi, kisha hushuka mwaka hadi mwaka. Wengi huacha bila semina ya mtu. Kwa hiyo tukikutana na kijana wa miaka 22 aliyeingia mara ya tatu, tunachotafuta ni kitu kinachomchelewesha kuacha wakati wenzake wameshaacha. Mara nyingi kitu hicho tunakikuta nje ya geti.

Ameshapigwa, ameshafungwa, ameona maisha ya ndani. Kwa nini hajifunzi?

Anajifunza sana. Anajifunza kuishi gerezani. Kule anaamshwa, nyapara anamwonyesha pa kukaa, chakula kinakuja saa yake, kazi ya shamba anapangiwa, na usiku mlango unafungwa na mtu mwingine. Hakuna siku anayoulizwa, "Leo utakula nini, na utakipata wapi?" Swali hilo analikuta nyumbani asubuhi ya kwanza.

Mwombe kijana aliyerudia akusimulie kuanzia siku aliyotoka. Usimuulize kwa nini, muulize siku kwa siku. Simulizi tunazosikia zinafanana mno. Ametoka na nguo alizoingia nazo. Laini yake ya simu ilishafungwa kwa kukaa bila kutumika, kwa hiyo namba zote zimepotea, ya fundi aliyewahi kumpa kazi, ya shangazi wa Makambako, zote. Tangu mwaka 2019 laini inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na kama alikamatwa akiwa na miaka 17 hajawahi kukishika kitambulisho hicho. Bila laini yake hana pa kupokelea pesa, na siku hizi hata anayeshusha viazi Uyole anaweza kuambiwa, "Nipe namba nikurushie." Nyumbani wadogo zake wamechukua kitanda. Wiki ya kwanza watu wanakuja kumwona, wiki ya pili wanaanza kuficha vitu. Ikifika wiki ya tatu kuna mtu mmoja tu anayemkaribisha bila kumkagua kwa macho, anayemnunulia chipsi na kumwazima simu: yule yule waliyekuwa naye kwenye tukio, ambaye hakukamatwa kwa sababu kijana wako hakumtaja. Huyo anajua ana deni, na yuko tayari kulilipa. Wewe uko tayari kumpa nini?

Ndiyo maana tukiulizwa sababu ya kurudia kosa tunaanza na mapokezi, tabia inafuata. Hasira zake, uvivu wake, uongo wake, hayo yapo, na kwa wengine ni makubwa. Lakini tumeona kijana mwenye kiburi akasimama kwa sababu alikuwa na baba mdogo mwenye karakana, na kijana mpole akarudi ndani kwa sababu hakuwa na pa kulala.

Si bora tuwapeleke polisi mapema wakatishwe kidogo, kabla hawajaharibika?

Marekani walilijaribu wazo hilo kwa ukubwa. Katika miaka ya 1970, kwenye gereza la Rahway katika jimbo la New Jersey, wafungwa wa vifungo virefu walikuwa wanaletewa watoto watundu, wanawafokea na kuwaeleza bila kificho yanayotokea ndani. Wazazi walipenda, televisheni zilipenda, majimbo mengine yakaiga. Baadaye watafiti walipolinganisha watoto waliopelekwa kwenye programu za namna hiyo na wenzao wa aina ile ile ambao hawakupelekwa, waliopelekwa ndio walioongoza kwa makosa mapya.

Hatushangai. Mtoto wa miaka 14 akilala selo usiku mmoja kwa ombi la mama yake, anatoka akijua kwamba selo inalalika, na ana hadithi ya kusimulia kijiweni. Isitoshe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto aliye chini ya ulinzi atengwe na watu wazima. Kwa hiyo unamwomba askari avunje sheria ili akusaidie kulea.

Mwanangu anatoka Ijumaa. Siku za kwanza tufanyeje?

Mtu mzima mmoja aende kumpokea getini. Hili watu wanaliona dogo. Kijana akitoka peke yake anapitia stendi, na Kabwe, Mwanjelwa, au Ipogolo kwa wa Iringa, ndiko wanakokaa wale wale. Kuna waliochukua siku tatu kutoka geti la gereza hadi mlango wa mama yao, umbali wa nauli moja ya daladala.

Pa kulala papangwe kabla hajafika. Kama chumba chake kilipangishwa, aambiwe mapema, asikute kufuli geni. Na kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye familia nyingi kwenye ua mmoja, zungumza na wapangaji wenzako kabla, bila yeye kuwepo. Watafunga milango yao tu, na wana haki, ila wasifanye hivyo kwa kelele kila anapopita kwenda bombani.

Kikao cha ukoo kisiwe siku ya kwanza. Kitafanyika, lakini ashibe kwanza, alale. Anayetoka ndani usingizi wake huwa umevurugika, anashtuka mlango ukigongwa, anakula haraka kama anayeogopa kunyang'anywa. Wazazi wengi wakiona hivyo wanasema ni kiburi, au kuna mkono wa mtu.

Baada ya hapo mpeleke wewe mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa. "Shikamoo mzee. Huyu mwanangu ametoka, yuko kwangu. Ukisikia lolote, niite mimi kwanza." Mwenyekiti aliyeambiwa hivyo, siku betri ya gari ikipotea mtaani, ana namba ya kupiga kabla jina halijafika kwa vijana wa ulinzi shirikishi.

Na yule mzazi anayemwita mwanawe "mfungwa wangu" kwa utani mbele ya wageni, utani huo auache.

Nitajua lini hasa atatoka? Huwa tunashtukizwa.

Kwa wafungwa wengi hesabu inawezekana. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo aliyehukumiwa miaka 3 kwa kawaida hutumikia 2, na ofisi ya gereza inaweza kukuambia tarehe. Kinachoshtukiza ni msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutangazwa siku ya Muungano, 26 Aprili, au siku ya Uhuru, 9 Desemba.

Tarehe hizo mbili huku kwetu si sawa. Anayetoka Desemba anakuta mvua, mahindi yanapandwa na palizi inakuja, na mtu mwenye mikono miwili hakosi kibarua. Anayetoka mwisho wa Aprili anakuta palizi imekwisha na mavuno bado, gunia la mwaka jana liko chini, baridi inaingia. Hiyo Mei ndiyo tunayoiogopa. Kama una mwana ndani na Aprili inakaribia, weka debe mbili pembeni hata kama hakuna aliyekuahidi kitu.

Tumemtafutia kazi kila mahali. Hapati.

Kwanza jueni anakwama wapi. Kazi za kampuni, za ulinzi hasa, mara nyingi zinataka cheti cha tabia njema, ambacho polisi hukitoa baada ya kuchukua alama za vidole. JKT nao hawataki mwenye rekodi ya jinai, kwa hiyo yule mjomba anayesema "nitamwombea nafasi jeshini akanyooke" anawapotezea muda. Kazi za mtaani hazidai cheti, zinadai mdhamini. Mwenye bodaboda anataka mtu wa kumshika pikipiki ikiyeyuka. Mwenye duka anataka barua ya serikali ya mtaa. Mwenye lori la ndizi za Kiwira anataka aletewe kijana na mtu anayemfahamu. Hapo ndipo aliyetoka ndani anapokwama, hata akiwa fundi hodari.

Udhamini, kwa maoni yetu, unazidi mtaji. Baba mdogo, mchungaji, shehe, kocha wa timu, yeyote ambaye jina lake linasikika, aandike barua na aweke namba yake ya simu. Ila adhamini kidogo kidogo. Hatumshauri mtu amkabidhi kijana pikipiki ya mkataba wiki ya kwanza. Mkataba una hesabu, yaani pesa anayotakiwa kumpelekea mwenye pikipiki kila siku, kwa kawaida shilingi 7,000 hadi 10,000, na siku ya mvua au ya kukamatwa na trafiki hesabu haisubiri. Kijana akishadaiwa hesabu za siku tatu, mwenye pikipiki anampigia kila saa, ataenda kukopa kwa yule yule wa chipsi. Kazi nzuri za kuanzia ni za kulipwa jioni: kushusha mizigo sokoni, kupakia viazi, kusomba matofali, kuosha magari. Watu wanazidharau, lakini pesa inaonekana siku ile ile, na mama anaona unga umeletwa.

Baadaye, kama alijifunza useremala au uashi ndani, au kwenye gereji ya mtu, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu ambaye hakusomea darasani: anapimwa, anafundishwa palipopungua, anapewa cheti. Mbeya na Iringa zote zina vyuo vya VETA.

Na mikopo ya halmashauri?

Ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini inatolewa zaidi kwa kikundi, na kikundi hakimchukui mtu ambaye hakijamwona akiweka akiba. Mwaka wa kwanza aingie kwenye kikundi, aonekane kwenye vikao. Mkopo usiwe jambo la mwezi wa kwanza, hata kama ofisi ingekuwa tayari kutoa.

Kila kitu kikipotea mtaani wanakuja kwetu. Tufanyeje?

Watu wazima wa Mbeya wanakumbuka enzi za wapiga nondo, wahalifu waliopiga watu kwa nondo na kuwapora, na hofu ile haikuisha na wapiga nondo wenyewe. Ukiibiwa usiku, kichwa kinatafuta jina la karibu, na jina la karibu ni la mwanao. Hatuwezi kuwalaumu majirani kwa kuogopa. Tunaweza kuwalaumu kwa kutaja jina bila kuona.

Madhara yake kwa kijana ni makubwa kuliko usumbufu wa siku moja. Akikamatwa kwa kosa ambalo hakufanya, akaachiwa, akakamatwa tena kwa lingine ambalo hakufanya, anafika mahali anasema, "Kama nalipa hata nisipoiba, basi." Sentensi hiyo tumeisikia kwa maneno mbalimbali, na ni vigumu kuijibu.

Mwekeeni ratiba inayojulikana na mtu wa nje: kazini kwa fulani hadi saa kumi na moja, mazoezini na kocha fulani, nyumbani saa mbili. Akiitwa na serikali ya mtaa aende, tena na mtu mzima. Asikimbie. Huku kwetu anayekimbia amejihukumu, na mkononi mwa wananchi wenye hasira kali hakuna rufaa. Matairi na mawe yameua vijana ambao kosa lao halikuwahi kujulikana. Akishikwa na polisi, kumbukeni kwamba dhamana ni bure, na kwamba anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Mwenyekiti unayesoma hapa: kabla ya kutaja jina, muulize aliyeibiwa aliona nini. Mara nyingi atakujibu, "Kwani nani mwingine?"

Aliyeibiwa bado ana kinyongo. Si yaliisha, kwani alifungwa?

Kwake hayajaisha. Yule mama wa genge aliyevunjiwa kibanda na kuibiwa mtaji alioukopa kwenye kikoba, kifungo cha mwanao hakikumrudishia hata mia. Aliendelea kulipa mkopo. Sasa anamwona kijana anapita mbele ya genge, na wewe unamwomba amsalimie vizuri. Ndiye atakayepiga yowe la kwanza.

Jambo hili tunaliona limeachwa kabisa. Familia zinaenda kwa waganga, zinaenda kwa wachungaji, haziendi kwa mama wa genge. Tunashauri hivi. Aende kwanza mzee mmoja anayeheshimika pande zote mbili, bila kijana. Asiende kuomba msamaha, aende kuuliza: ulipoteza nini, na mpaka leo kinakuumiza nini? Wengine watataja kiasi kikubwa kuliko kilichosomwa mahakamani. Sikiliza tu, hasira ina hesabu zake. Akikubali kuonana na kijana, wakutane kwa mwenyekiti au kwa mtu wa dini, mchana, na kijana aseme mwenyewe alichofanya. "Nilipitiwa" haitoshi. "Nilivunja mlango wako, nikachukua sanduku la pesa" inatosha. Kisha wapange malipo, hata shilingi 5,000 kwa wiki, yatokane na jasho lake na si mfuko wa mama yake, na yaandikwe. Tumeona majirani waliokuwa wanatemeana mate wakafika hapo. Tumeona pia mtu akikataa kabisa kuonana, na huyo aachwe kwa amani, ni haki yake.

Kuna mipaka. Kama kesi bado inaendelea, usimfuate shahidi, utaonekana unaharibu ushahidi. Na kama kosa lilikuwa la kingono au la kujeruhi vibaya, usimpeleke kijana mbele ya aliyemdhuru kwa kisingizio cha usuluhishi. Hayo yana wataalamu wake.

Nimkataze marafiki zake wote?

Huwezi, na ukiweza utakuwa umemfungia ndani kijana wa miaka 19 ambaye ndiyo kwanza ametoka kufungiwa. Zibeni saa, watu watajipunguza wenyewe. Saa mbaya ni kuanzia jua linapozama hadi saa nne usiku. Timu ya mpira, vyuma vya mazoezi vya kujitengenezea, kwaya ya Moravian au ya KKKT, darasa la msikitini baada ya magharibi, chochote chenye watu wa umri wake wanaomngoja na kuuliza mbona jana hakuja. Kwaya ya kulazimishwa haisaidii. Ataimba mwezi mmoja.

Rafiki mmoja tu mumuulizie kwa makini: yule anayemdai. Wakati mwingine alimtumia chakula mahabusu, au alimlipia faini. Deni hilo lilipwe kwa pesa, haraka, hata kwa kuchangishana, kabla hajadaiwa kulilipa kwa kazi.

Anavuta bangi, anakunywa. Hicho si ndicho chanzo?

Kwa baadhi ndicho. Kwa wengi bangi na komoni, au ulanzi kwa upande wa Iringa, ni mahali pa kukaa kwa mtu asiye na pa kukaa. Ukimpa pa kwenda, unywaji unapungua wenyewe. Heroini ni habari nyingine. Huyo ni mgonjwa na anaiba kwa ugonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Mpelekeni.

Tumpeleke Dar kwa mjomba wake, au Chunya kwenye machimbo, akaanze upya?

Kuhama kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipobomoa mitaa ya New Orleans, wengi waliotoka magerezani Louisiana hawakuwa na mtaa wa kurudi, wakaanza maisha sehemu nyingine. Mtafiti David Kirk aliwafuatilia, akakuta waliohama walirudi gerezani kwa kiwango cha chini kuliko waliorudi sehemu zile zile.

Lakini angalia vizuri anahamia wapi. Kumtoa Mwanjelwa na kumpeleka kwa mjomba mwenye karakana, mkali kidogo, anayelala nyumbani, hilo ndilo tunalolitaka. Kumpeleka Dar kwa mjomba anayeuza mitumba juani na kulala chumba kimoja na watoto watano ni kumhamisha kijiwe. Machimbo ya Chunya yana pesa, na pesa ya huko inakuja usiku mmoja na kuondoka usiku huo huo. Sisi tungependelea Mafinga kwenye mbao, au shamba la parachichi la Rungwe lenye msimamizi anayeeleweka.

Baba yake naye alikuwa hivi hivi. Si damu?

Hapana. Watafiti John Laub na Robert Sampson walifuatilia wanaume waliowahi kuwekwa shule za marekebisho jimboni Massachusetts wakiwa wavulana, hadi wakafika umri wa miaka 70. Walianzia karibu sawa, wakaishia mbalimbali, na waliobadilika wengi walishikiliwa na kitu cha ukubwani: mke waliyemheshimu, kazi ya kudumu, jeshi.

Huku kwetu kuna lingine. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, mikoa iliyo juu kuliko yote nchini. Watoto wengi wa nyanda hizi wamelelewa na bibi baada ya wazazi kufa. Bibi anapenda, anapika, anaomba. Hawezi kumfuata mvulana wa miaka 15 saa nne usiku. Ukisema damu, unamwachia bibi mzigo na wajomba wanalala.

Wasichana je?

Ni wachache na wanasahaulika. Wengi tunaokutana nao walikuwa dada wa kazi, wametuhumiwa wizi wa ndani, wakati mwingine kwa sababu tu walidai mshahara wao wa miezi. Msichana akitoka, nyumbani wanamwona ameleta aibu ya aina mbili, na anayempokea haraka huwa ni mwanaume mwenye chumba. Yote tuliyosema kuhusu pa kulala yazidishwe kwake.

Ana miaka 17. Kuna tofauti gani na 18?

Kubwa kuliko wazazi wanavyojua. Chini ya miaka 10 hakuna kosa la jinai kabisa, kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu. Chini ya 18, Sheria ya Mtoto inakataza kumhukumu kifungo. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kuamuru fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho. Akifika 18 kinga hiyo imekwisha. Akimnyang'anya mtu simu kwa kumwonyesha kisu, hilo ni unyang'anyi wa kutumia silaha: halina dhamana, na adhabu yake haipungui miaka 30. Kosa ni lile lile, tofauti ni siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa ni ulinzi kuliko wakili unayemtafuta. Kama hana, tafuteni kadi ya kliniki au rekodi ya shule ya msingi mapema.

Shule ya maadilisho ya Irambo ni jela?

Si jela. Ni shule, iko huku huku Mbeya, na hupokea watoto kutoka mikoa mingine pia. Ugumu wake kwetu ni umbali. Mtoto wa mkoa wa mbali hatembelewi, na akirudi nyumbani ni mgeni. Kama mwanao yuko pale, nauli ya kumtembelea ni sehemu ya marekebisho yake.

Anaweza kurudi shule?

Ndiyo. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea. Akiona haya kukaa na wadogo, kuna njia ya watu wazima ya kusoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida.

Amekamatwa tena. Nimwekee dhamana au nimwache akome?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Mama ameuza kuku, ameuza kitenge, amedhalilika mbele ya karani, na sasa ni mara ya pili. Hatutamwambia mzazi kwamba lazima. Tunamwambia mambo anayopaswa kuyapima.

Kurudia mara moja hakumaanishi ameshindikana. Wengi wanaoacha huacha kwa kuyumba: anakaa mwaka, anaanguka, anakaa miaka miwili. Tazama kosa limekuwa dogo au kubwa kuliko la kwanza, na muda umekuwa mrefu au mfupi. Aliyekaa nje miezi miwili mara ya kwanza na mwaka mara ya pili anaelekea kuacha. Ukimwacha mahabusu kwa makusudi, atakaa huko na wazoefu wakati kesi inasubiri, na kazi ndogo aliyokuwa ameipata itachukuliwa na mwingine. Ukimtoa, mtoe kwa masharti yako, yakiwa yamesemwa mbele ya mtu wa tatu: analala wapi, anaamka kwenda wapi, nani anashika hela. Na kama nyumbani kuna wasichana wadogo au mtu aliyemtishia, una haki ya kusema hatarudi kwako, ukamtafutia pa kulala kwingine. Kumdhamini na kumlaza ni mambo mawili.

Akipatikana na hatia na kifungo kisizidi miaka 3, ulizeni habari ya kifungo cha nje chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Anafanya kazi ya umma kwa saa alizopangiwa na anarudi kulala nyumbani. Hakimu anaangalia kama ana makazi yanayojulikana na mtu wa kumsimamia, kwa hiyo mzazi asiyefika mahakamani amepunguza nafasi hiyo yeye mwenyewe.

Nikienda ofisi ya ustawi wa jamii nibebe nini?

Hati ya kuachiwa au namba ya kesi, cheti cha kuzaliwa au chochote kinachoonyesha umri, barua ya serikali ya mtaa, na kijana mwenyewe. Ofisi iko halmashauri. Huduma hailipiwi. Nenda asubuhi, maana mchana maofisa huwa mahakamani, na omba jina la ofisa atakayeshika jalada ili ukirudi usianze upya kusimulia.